Picha za Oman zimetawanyika, na ubani unanuka mpira

Assalaam aleykum wahusika wa safu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Unguja. Mwezi wa nane mwaka jana, mimi, kaka yangu na mama yetu tulikwenda Oman kumtembelea mama mdogo, aliyeolewa Muscat tangu ujana wake. Tulikaa kwake, tukapelekwa Nizwa na Jebel Akhdar, tukaonyeshwa ngome mbili tatu, halafu tukashuka Salalah milima yote ikiwa kijani na ukungu umetanda. Mama amerudi mtu mwingine. Kila anayekuja kutusalimu lazima asimuliwe Oman.

Taabu yangu ni hii. Picha ni zaidi ya elfu tatu, na zimetawanyika: nyingine ziko kwenye simu yangu, nyingine kwenye simu ya mama, nyingine kwenye kamera ndogo ya kaka, na nyingine tulirushiwa na watoto wa mama mdogo kwa WhatsApp. Simu yangu imejaa hata haipokei picha mpya, na naogopa kufuta. Kaka anataka tutengeneze video yenye muziki. Mama anataka kitabu cha kufunua kwa mkono. Nikijaribu kuzipanga, ngome zote naziona moja, na mpangilio wenyewe haueleweki: tunakula chakula cha mchana kabla hatujafika. Picha za Salalah ndizo zilizonivunja moyo zaidi, nyingi zimetoka nyeupe nyeupe.

Na yale tuliyobeba nayo yananishinda. Ubani wa Salalah, ambao kule ulikuwa unanukia kama ndimu, mimi nikiuchoma unatoa moshi mweusi na harufu ya mpira unaoungua, mama anakohoa. Halua aliyotuletea mama mdogo juzi imekuwa ngumu haikatiki. Marashi ya waridi yana harufu ya moshi, sijui yameharibika? Na kahawa haitoki kama yao.

Nianzie wapi?

Bi Salalah, Unguja

JIBU

Wa aleykum salaam dada, na mama tufikishie shikamoo yetu.

Katika ubishi wenu sisi tuko upande wa mama: kitabu kitangulie, video ifuate. Kitabu kinakulazimisha kuchagua na kuandika majina, na kazi hiyo ikishafanyika video ya kaka itakuwa nusu imekwisha. Mkianza na video mtamwaga picha mia tatu juu ya wimbo, na baada ya miaka mitano hakuna atakayejua yule mzee mwenye kilemba pale sokoni alikuwa jamaa yenu au mpita njia.

Ila leo, kabla ya kitabu, kazi ni kutoa nakala. Simu iliyojaa humponza mtu kwa sababu humfanya afute kwa pupa. Usifute chochote kwanza. Azima kompyuta, chomeka simu kwa waya wake, na kwenye simu chagua kuhamisha faili, maana bila hivyo itachaji tu. Picha ulizopiga mwenyewe ziko kwenye folda ya DCIM. Za WhatsApp ziko kwingine, ndani ya folda ya Android, kisha media, na watu wengi huzisahau huko. Kwa makadirio, picha 3,000 za simu ya kawaida hula kama GB 9 hadi 12, na dakika moja ya video hula MB 60 hadi 130, kwa hiyo fleshi ya GB 16 haitatosha. Nunua diski ya nje, au fleshi mbili za GB 64 kutoka duka unaloliamini. Fleshi bandia zipo tele: hujitangaza GB 64 wakati ndani ina 8, hupokea picha zote bila kulalamika, ukija kufungua unakuta faili tupu.

Ukimaliza kunakili, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha fungua picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikifunguka vizuri, tengeneza nakala ya pili na umpe kaka akae nayo nyumbani kwake. Nakala mbili ndani ya kabati moja, likiingia maji, zinakwenda pamoja. Ya tatu ipandishe mtandaoni. Google hutoa GB 15 za bure, lakini hizo ni pamoja na barua pepe zako, kwa hiyo pandisha zile mtakazozichagua, si zote elfu tatu.

Hapo kwenye Google Photos pana mtego. Ukiifuta picha ndani ya programu ile ili simu ipumue, inafutika na mtandaoni pia, kwa kuwa ni picha ile ile inayoonekana mahali pawili. Tumia sehemu ya kuachia nafasi kwenye kifaa, ambayo huondoa nakala ya kwenye simu peke yake baada ya kuhakikisha imeshapanda. Na kama ulishakosea, kimbilia kapu la taka: picha iliyokuwa imepandishwa hukaa humo siku 60, isiyopandishwa siku 30.

Sasa ule mchana unaotangulia safari. Oman iko saa moja mbele yetu. Simu ilipopata mtandao wa kule ilijirekebisha yenyewe, lakini kamera ya kaka ilibaki na saa ya Unguja. Picha aliyopiga Nizwa saa 5 asubuhi imeandikwa saa 4, ndiyo maana mnakula kabla hamjafika. Usizihamishe moja moja. Weka picha zote za kamera kwenye folda yake, kisha zisogeze mbele saa moja kwa mkupuo. Google Photos ikifunguliwa kwenye kompyuta inakuruhusu kuchagua nyingi na kusogeza saa zote pamoja. Hakiki kwa tukio moja lililopigwa na vifaa viwili, mathalani wakati mnashuka garini. Saa zikilingana hapo, na kwingine zitalingana.

Zile mlizorushiwa waombeni watoto wa mama mdogo wazitume upya kama hati, si kama picha. WhatsApp kwa njia ya kawaida huipunguza picha hadi upande mrefu ubaki pikseli 1,600 hivi, na huondoa tarehe na mahali ilipopigwa. Tofauti utaiona kwenye karatasi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji kama pikseli 1,800 upande mrefu ili itoke safi, kwa hiyo hata ile ya WhatsApp inapita. Ukurasa mzima wa A4 unataka karibu 3,500, na hapo uso wa mtu utatoka umevurugika.

Nakala zikiwa salama, kaa na mama. Usisubiri kwanza upange ndiyo umwonyeshe. Atakapozieleza ndipo utakapojua ipi ina thamani, na mara nyingi haitakuwa ile yenye mandhari nzuri. Itakuwa picha iliyopinda ya meza ya chakula, kwa sababu aliyekaa kona ile ni mtoto wa fulani aliyehama Unguja zamani. Mwekee picha kumi na tano kwa kikao, nusu saa inatosha, akichoka mnaacha. Zima feni, kwa kuwa mvumo wake hufunika sauti yote. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isipigwe katikati, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa mbele yake, umbali wa shubiri moja au kidogo zaidi, kisha rekodi. Kila picha itanguliwe na namba yake kwa sauti, "picha ya kumi na mbili", ili baadaye sauti na picha visipoteane.

Namna ya kuuliza ina kazi yake. "Mama unakumbuka hapa?" atakujibu nakumbuka, na yatakwisha. Muulize huyu aliyesimama nyuma ni nani, alikuwa anakwambia nini, chakula hiki kilipikwa na nani. Kama mlifika ule mnada wa mbuzi wa Ijumaa asubuhi pale Nizwa, muulize walikuwa wanapitishwa vipi. Akianza kukueleza wauzaji wanavyozunguka na kamba mkononi, na wanunuzi waliokaa duara wanavyomdaka mbuzi na kumfunua mdomo kutazama meno, mwache aendelee hata kama picha inayofuata inasubiri.

Majina atakayoyasahau mama msiyabunie. Achieni nafasi, mtumieni mama mdogo picha hiyo, ajibu yeye kwa ujumbe wa sauti. Majibu yake nayo yahifadhiwe pamoja na picha, kwa sababu ujumbe wa sauti ukibaki WhatsApp peke yake utapotea siku mtakapobadilisha simu.

Kuhusu ngome, hukosei kuona zimefanana, zote ni za rangi ya udongo. Lakini zina alama. Ngome ya Nizwa ina mnara mmoja mnene wa duara uliosimama katikati ya mji. Ulijengwa katikati ya karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif al-Yarubi, yule yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe Saif bin Sultan ndiye ambaye jeshi lake liliiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, na habari hiyo inastahili mstari mmoja chini ya picha kwa ajili ya wajukuu. Jabreen utaitambua kwa dari: ukiona mbao za juu zimechorwa maua na maandishi kwa rangi, uko Jabreen, nyumba ya kifalme zaidi kuliko ngome ya vita. Bahla ni ile kubwa ya matofali ya udongo iliyokaa juu ya kilima na kuutazama mji, imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1987. Zile mbili zilizopanda juu ya majabali kwenye bandari ya Muscat ni Mirani na Jalali, ambazo Wareno walizijenga upya miaka ya 1580.

Na msikiti pia, angalieni. Msikiti wa Sultan Qaboos uko Muscat, na mwingine wenye jina hilo uko Salalah, na Nizwa upo. Ule wa Muscat, uliofunguliwa 2001, ndio wenye zulia moja linalofunika ukumbi mzima, zaidi ya mita za mraba 4,000, na taa ya kuning'inia ya mita 14. Kama kwenye picha kuna taa hiyo, hakuna ubishi. Pale ambapo picha bado haisemi, ifungue kwenye simu na uitelezeshe juu: kama huduma ya mahali ilikuwa imewashwa, ramani itatokea na kijiji kitatajwa.

Za Salalah zigawe mafungu mawili. Kuna weupe wa kweli, ule wa khareef, yaani msimu wa ukungu na manyunyu wa kule. Upepo unaoleta hali ile ni kusi hii hii yetu: huvuka bahari ya baridi iliyo mbele ya pwani ya Dhofar, mkoa wenye Salalah, hukutana na milima, na hapo ndipo ukungu na manyunyu yanapoanza, kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba. Picha hizo ndivyo mahali palivyokuwa. Ongeza tofauti ya mwanga na kiza kidogo, punguza mwangaza kidogo, uache. Ukilazimisha anga iwe ya buluu utapata picha ya Salalah ambayo hakuna aliyeiona mwezi wa nane. Fungu la pili ni ukungu wa kwenye kioo cha simu. Mlikaa kwenye gari lenye kiyoyozi, kioo kikapoa, mkatoka kwenye hewa ya unyevu mkaanza kupiga hapo hapo, mvuke ukaganda juu ya kioo. Utazijua kwa kuwa hata mtu aliyesimama karibu ana ukungu, na taa zina duara la mwanga pembeni. Hizo hazina dawa. Futa bila huruma, isipokuwa kama ndiyo picha pekee ya mtu. Safari nyingine, simu ikae nje ya gari dakika tano hadi kumi kabla ya kuitumia, au ifutwe kwa kitambaa cha pamba.

Kuchagua. Mzunguko wa kwanza uende mbio, ondoa zilizotikisika na zilizojirudia. Mtu akishapigwa mara sita amesimama pale pale, baki na moja. Mzunguko wa pili, kila siku ya safari ipate picha zisizozidi kumi na mbili. Mzunguko wa tatu mwachie mama. Lengo ni picha kama 80 kwa kitabu cha kurasa 40, mbili mbili kwa ukurasa. Zinaonekana chache, lakini kitabu cha picha 300 hufunuliwa mara moja na kuwekwa. Katika hizo 80, watu wawe wengi kuliko majengo: picha nzuri ya ngome ya Nizwa utaipata popote, ya jikoni kwa mama mdogo huipati. Zipe faili majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali na watu, kwa mfano 2025-08-09_Nizwa_mama_sokoni. Zikiandikwa hivyo zitajipanga zenyewe kwenye kompyuta yoyote.

Chini ya kila picha andika mstari mmoja au miwili: nani, wapi, na neno moja lililosemwa. "Siku nzuri na familia" haifai kitu, itakaa popote.

Mkienda studio kusafisha picha, pana kosa linalojirudia. Picha nyingi za simu zina umbo la 4 kwa 3, karatasi ya 10 kwa 15 ni 3 kwa 2, kwa hiyo mashine hukata juu na chini, na vichwa huenda navyo. Mwambie fundi asikate, aache ukingo mweupe, au chagua sentimita 15 kwa 20 ambayo umbo lake linalingana na la simu. Kama simu yako ni ya iPhone, faili zake zinaweza kuwa za HEIC na kompyuta za studio nyingine hazizifungui; zigeuze kuwa JPEG nyumbani. Toeni kwanza picha mbili za majaribio, moja ya uso wa mtu na moja ya milima ya kijani, mzitazame kwenye mwanga wa mchana. Kijani kikitoka kama rangi ya dawa, mwambie apunguze.

Albamu zile za kurasa zenye gundi na plastiki ya kubandua achana nazo. Kwa unyevu wetu wa pwani gundi hugeuka njano na kuing'ang'ania picha, ukiitoa inachanika. Tafuta yenye mifuko ya plastiki isiyonuka, au karatasi nene na pembe za kubandikia. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, au kalamu ya wino maalumu wa picha kama karatasi inateleza. Kalamu ya kawaida ikikandamizwa huacha mfereji upande wa mbele. Kitabu kikae kwenye kabati lisiloegemea ukuta wa nje, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu.

Video ya kaka isizidi dakika saba. Picha 80 kwa sekunde tano kila moja ni dakika sita na sekunde arobaini, na hapo hujaweka vipande vya video. Muziki aupunguze pale penye sauti ya kweli: mawimbi yanayorushwa juu kupitia matundu ya miamba ya Mughsail, kelele za soko la Muttrah, na mama anavyocheka. Vipande vya zile rekodi za mama viwekwe juu ya picha zake.

Kabla ya kitu chochote kwenda statasi, muulizeni mama mdogo. Kuna picha za ndani, wanawake bila mabuibui, mabinti wa watu. Wao hawakupigwa ili waonekane Unguja nzima, na sheria ya Oman ya makosa ya mtandao ya 2011 inaadhibu kuingilia faragha ya mtu kwa picha, hata ikiwa picha yenyewe ni ya kweli. Toeni nakala ya kitabu ya nyumbani, na kama mnataka ya kuonyesha wageni iwe na picha zilizoruhusiwa tu.

Tuje kwenye chetezo. Ubani wako huenda ni mzuri, tatizo ni moto. Ubani ni utomvu wa mti, Boswellia sacra kwa kule Dhofar, wenye mafuta ya harufu ndani yake pamoja na gundi. Mafuta yale hupaa kwa joto la wastani, na ndiyo ile ndimu uliyoisikia. Ukilitupa donge juu ya kaa jekundu tupu, gundi inaungua kabla mafuta hayajatoka vizuri, na moshi mweusi ni wa gundi hiyo. Jaza chetezo mchanga mkavu au majivu hadi nusu. Kama unatumia yale makaa ya duara ya kuwashia kiberiti, yana dawa ya kuwakia inayorusha cheche na kunuka, kwa hiyo usiweke kitu hadi cheche ziishe na kaa lote livae majivu meupe, kama dakika kumi. Kisha nyunyiza majivu kidogo juu, au weka kipande kidogo cha karatasi ya alumini, ndipo uweke donge la ukubwa wa punje ya dengu. Moja tu. Linapaswa kulainika na kutoa moshi mweupe mwembamba. Likianza kuwa jeusi, mara nyingi baada ya dakika tano hadi nane, litoe kwa kibano uweke jingine. Usilipepee. Dirisha liwe wazi, kwa mama na pia kwa sababu kaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kama kikohozi kinaendelea hata hivyo, nunua chetezo cha umeme chenye kurekebisha joto, kianzie chini.

Aina nayo itazame. Hojari, ambao ndio husifiwa zaidi, huwa mweupe au wenye kijani kidogo, na mwanga hupenya ukiuinua dirishani. Wa kahawia, wenye magamba ya mti, si mbaya, ila moshi wake ni mzito, utumie kufukizia nguo uani. Uhifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko na usiutwange mapema, unga hupoteza harufu haraka. Kama mlipita Wadi Dawkah, kaskazini ya Salalah kwenye njia ya Thumrait, tafuteni picha ya miti ile mifupi: bonde hilo limo UNESCO tangu 2000, na ukurasa wa ubani kwenye kitabu utapendeza.

Halua bila shaka uliiweka kwenye friji, na friji ndiyo iliyoiharibu. Wanga ukipoa sana hukaza, na samli inaganda. Halua ya Oman, kama ya kwetu, ina sukari na samli ya kutosha kukaa nje ya friji kwenye chombo kilichofungwa. Iweke kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, tia kijiko kimoja cha maji kwa kila robo kilo, geuza polepole kama dakika kumi. Samli ikijitenga irudishe kwa mwiko, si kasoro. Ikiwa inanuka samli iliyochacha, au ina ukungu, itupe.

Marashi yako ni mazima. Mawaridi ya Jebel Akhdar huchumwa alfajiri, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, na kwa njia ya zamani hutoneshwa kwenye jiko la udongo la kuni. Ule moshi na ile rangi ya kahawia vinatoka hapo, na wenyewe huutafuta. Weka mbali na jua. Yakianza kuwa na nyuzi nyuzi zinazoelea, hapo ndipo ya kumwaga.

Kahawa nayo: wewe bila shaka unatumia buni ya kahawa chungu, iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, na kwa buni hiyo hutaipata kamwe ile ya mama mdogo. Omba iliyokaangwa kahawia, isagwe chengachenga, si unga. Lita moja ya maji, vijiko vitatu vya chakula vya kahawa, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi hadi kumi na tano. Iliki tia mwisho, kijiko kimoja cha chakula iliyotwangwa papo hapo, kwa sababu ikichemshwa pamoja harufu huenda na mvuke. Ukipenda, nyuzi chache za zafarani au tone la yale marashi. Ipua, ifunike dakika tano chenga zikae chini, imimine kwenye dele au chupa ya chai bila kuitikisa. Sukari usitie, weka tende pembeni, na kikombe mimina robo tu.